Mmisionari Mgeni Dodoma: Tunayodhani na Yaliyo Kweli

Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya mapokezi ya parishi yetu hapa Dodoma. Wamisionari niliowaona wakishindwa kukaa hawakushindwa na jua wala vumbi. Walishindwa na upweke, na sehemu ya upweke huo tuliusababisha sisi wenyeji kwa mambo tuliyoyaamini bila kuyapima.

Dhana: Mgeni wa kanisa hapewi kazi

Hii imeumiza watu kuliko zote. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini akija mmisionari jembe tunalificha. Anawekewa kiti mbele, anafunguliwa soda, anachinjiwa kuku. Mwezi wa kwanza hiyo ni heshima. Mwezi wa sita bado ni kiti kile kile na soda ile ile, na mtu hana hata jirani mmoja wa kugombana naye.

Namkumbuka dada mmoja, muuguzi, aliyefika kwetu Septemba. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na anayechelewa kupanda huijua njaa. Kwa hiyo mvua ziliponyesha, mtaa mzima ulihamia shambani. Yeye akabaki na nyumba tupu pande zote, akaamini tumemsusa. Hakuna aliyemweleza, maana kwetu hilo halihitaji maelezo.

Siku moja alfajiri bibi jirani alipiga hodi akiwa na majembe mawili. Walipalilia karanga. Nyingi alizikata pamoja na magugu, bibi akamwonyesha upya jinsi ya kushika jembe. Jioni bibi akamtuma dukani chumvi, kama anavyowatuma wajukuu. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba alilia njiani akienda kununua hiyo chumvi, kwa furaha. Tangu kufika, hakuna mtu aliyewahi kumtuma kitu.

Dhana: Akishajua Kiswahili, amemaliza

Kiswahili kitamfikisha sokoni Majengo na kwenye ibada ya mjini. Atoke kwenda vijijini, Mvumi au Chilonwa, akutane na wazee wanaosali kwa Cigogo, lugha ya Wagogo, na ataona kwamba maneno ya ndani ya moyo yana lugha yake. Akisalimia "Mbukwenyi" nyuso hufunguka kabla hajasema la pili.

Wala mkoa huu si Wagogo peke yao. Kondoa wapo Warangi. Chemba wapo Wasandawe, ambao lugha yao ina vidoko vya ulimi na haimo katika kundi la Kibantu. Upande wa Mpwapwa na Kongwa kuna Wakaguru. Naomba anayempokea mgeni amwambie mapema anaenda kwa nani, na amtafutie mtu wa kumfundisha salamu. Salamu tu, kwa kuanzia.

Dhana: Ndiye anayetuletea Injili

Mwaka 1876 CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, walifungua kituo Mpwapwa, kwenye njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda bara. Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, na askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Australia. Mwaka 1955 Yohana Omari, Mtanganyika aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu, aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa dayosisi hiyo. Leo mmisionari anayekuja huku anakuta kanisa lenye wazee, kwaya, vyuo na askofu Mtanzania ambaye ndiye mkubwa wake kazini. Hata kibali cha ukaazi, Daraja C, kwa kawaida anaombewa na kanisa la hapa lililomwalika.

Nasema haya kwa sababu ninaona wazee wetu, watu waliobatiza vijiji, wakinyamaza kwenye kikao akiingia kijana mgeni wa miaka ishirini na tano. Inaniuma. Kijana mwenyewe hajaomba ukimya huo, na angejifunza mengi kama wangesema.

Dhana: Ana pesa

Wengi huishi kwa michango ya makanisa ya kwao. Wachangiaji wakipungua, posho inapungua. Ni kweli kwamba hata hivyo anacho kuliko wengi wetu, na ombi la ada au dawa litafika mlangoni kwake. Asikasirike, kwetu kuomba ni dalili kwamba umehesabiwa kuwa ndugu. Kilichotusaidia ni kupitisha misaada kwa mchungaji na kamati, wanaozijua familia. Anayetoa kwa siri mkononi huishia kuwagawa majirani.

Dhana: Akifunga geti anaringa

Amechoka. Kusikiliza lugha ngeni kutwa nzima kunachosha kama kubeba maji. Mwacheni alale, mrudi jioni.

Dhana: Msibani rambirambi inatosha

Hii ni ya wageni wenyewe. Wanatuma bahasha na kuendelea na ratiba, wakiona wamefanya vizuri. Kwetu bahasha huandikwa daftarini, na mtu huonekana kwa kukaa. Akae chini kwenye mkeka na akina mama, au nje na wanaume, hata bila kusema neno, hadi mazishi yaishe. Kazi ya ofisini aiahirishe. Nimeona mafundisho ya mwaka mzima yakikosa wasikilizaji kwa sababu mwalimu hakuonekana kwenye msiba wa mtaa wake.

Dhana: Akienda likizo kwao, amekimbia

Wengi hurudi kwao kila baada ya miaka michache kuonana na wazazi na kutoa taarifa kwa makanisa yanayowatuma. Zamu yake ilipofika, yule muuguzi aliondoka Januari, karanga zikiwa ndiyo kwanza zinachipua. Bibi alimuuliza atarudi lini, kisha akalipalilia shamba la muuguzi pamoja na la kwake.