Kabla ya kuagiza, chungulia tanuri

Nikiingia mahali panapouzwa pizza, menyu huwa naisoma mwisho. Kwanza natafuta tanuri liko wapi. Ni ugonjwa wa kazi. Naoka mikate ya biashara tangu 2009, miaka ya mwanzo nikiwa Tabata, Dar es Salaam, kisha nikahamia Dodoma, na siku hizi wanaofungua migahawa huniita niwafundishe vijana wao kukanda na kuoka. Kwa hiyo mtoto wa mdogo wangu, anayesoma UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), aliponiburuta Jumamosi iliyopita hadi kwenye pizzeria mpya huku Area D, alijua kabisa kwamba nitamwaibisha.

Utaratibu wa pale ni wa harakaharaka. Mhudumu haji mezani kukuuliza. Unapanga foleni kaunta, nyuma ya kioo kuna mabakuli ya nyama ya kusaga, kuku, uyoga, hoho na mahindi, unanyoosha kidole, unalipa, unapewa namba, unakwenda kukaa. Juu ya kaunta wametundika ubao wenye majina matano: Napoli, New York, Detroit, Chicago, Roma. Kijana wangu akausoma wote, akanigeukia.

“Mama mkubwa, hii si pizza ileile wameipa tu majina ya miji?”

Nikamjibu kwa chapati. Unga wa ngano ukiukanda kwa maji, chumvi na mafuta, ukausukuma na kuuweka kwenye chuma cha moto, unapata chapati. Ukiutia hamira na sukari ukautumbukiza kwenye mafuta, unapata andazi. Ukiuacha uumuke kwenye kopo ukauingiza tanurini, unapata mkate. Sijawahi kusikia mtu akisema andazi ni chapati iliyobadilishwa jina. Pizza nazo ziko hivyo. Kuku na uyoga waweza kuviweka juu ya yoyote. Kinachozitenga ni maji kiasi gani yameingia kwenye unga, donge limekaa juu ya nini, na limekaa kwenye joto gani kwa muda gani. Kila moja ilizaliwa na tanuri lake.

Na pale tanuri lilikuwa moja.

La gesi, ghorofa mbili, sakafu ya jiwe. Kioo chake kilionyesha nyuzijoto 300. Mimi hutembea na kipimajoto cha kuelekeza, kile chenye umbo la bastola, nikaomba ruhusa nikakielekeza kwenye jiwe: 285. Mwanangu akageuka kuangalia barabarani kama hanijui. Kijana wa tanuri yeye akacheka.

“Shikamoo mama. Umetoka ukaguzi?”

“Marahaba. Mimi mwokaji mwenzako tu.” Kuanzia hapo tukaelewana.

Kwa nyuzi 285, pizza ya Napoli haitoki. Nasema hivi bila kumlaumu yule kijana, maana hata akija fundi kutoka Napoli kwenyewe atakwama. Kule kuna chama kinachotunza kanuni zake, Associazione Verace Pizza Napoletana, kilichoanzishwa 1984. Asili yake ni tanuri la kuni lenye sakafu ya karibu nyuzi 400 na kuba lenye joto zaidi ya hapo, na pizza inatoka baada ya sekunde 60 hadi 90. Donge lake ni unga, maji, chumvi na hamira, basi. Halina sukari wala mafuta, vitu ambavyo husaidia mkate kupata rangi kwenye joto la kawaida. Linategemea ukali wa moto peke yake. Maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke ghafla, ukingo unafura kabla ngozi haijakaza, madoa meusi yanatokea hapa na pale, na katikati panabaki laini kiasi kwamba wenyewe hula kwa kisu na uma.

Sasa donge hilohilo liweke kwenye nyuzi 285. Litakaa dakika sita au saba likisubiri rangi isiyokuja, na muda wote huo maji yanakimbia. Utapewa kitu cheupe kama uso wa mgonjwa na kikavu kama biskuti. Ndicho walichompelekea dada wa meza ya jirani, nikanyamaza. Kinyume chake nimekiona pia: nimewahi kumpikia mteja wa hapahapa Dodoma pizza ya Napoli ya kweli, kwenye tanuri la kuni, akairudisha akisema imeungua na papo hapo haijaiva. Alikuwa sahihi kwa macho yake. Ufundi huo UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2017, lakini urithi haulazimishi mtu kuupenda. (Na ukisimuliwa kwamba pizza ya Margherita ilipewa jina la Malkia Margherita wa Italia mwaka 1889, sikiliza kwa adabu. Wanahistoria wanakitilia shaka.)

Tanuri la Area D ni ndugu wa tanuri la New York. Kule walianza na makaa ya mawe, na Lombardi's, inayohesabiwa kuwa pizzeria ya kwanza Marekani, wanaitaja kwa mwaka 1905. Baadaye yakaja matanuri ya gesi ya ghorofa kama hili nililopima, na donge likabadilika kuyafuata: sukari kidogo, mafuta kidogo, unga wenye gluteni ya kutosha ili donge livutike bila kukatika. Pizza ni kubwa, inakatwa vipande vya pembetatu, mtu anakunja chake na kula huku anatembea. Jibini ni mozarela kavu, siyo ile laini inayoelea kwenye maji. Kujua kama wamepatia ni rahisi. Chukua kipande, kikunje katikati, kishike kwa mkono mmoja. Ncha ikiinama kidogo sawa. Ikining'inia kama ulimi wa ng'ombe aliyetoka machungani Bahi mwezi wa kumi, wametumia unga wa maandazi.

Hapo kwenye unga niseme habari ya hewa yetu, maana iliwahi kunitia hasara. Nilipohama Dar es Salaam nilikuja na daftari langu na vipimo vilevile: kilo moja ya unga, gramu 600 za maji. Tabata donge lilikuwa linanata vizuri mkononi. Dodoma likawa gumu, likaota ngozi juu kama uji uliopoa, na likaumuka haraka kuliko nilivyozoea. Wiki mbili nilitupa mikate. Nilimlaumu muuza hamira, nikamlaumu muuza unga, kumbe wa kulaumiwa ni mahali. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko pwani, gesi ya hamira inatanuka kirahisi, na hata maji yanachemka kwenye karibu nyuzi 96 badala ya 100. Halafu kuna ukavu. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni ya kutafuta kwa tochi, na unga uliokaa stoo unakuwa mkavu, unakunywa maji zaidi. Sasa naweka gramu 630, wakati mwingine 650, hamira napunguza, na donge nalifunika kwa kitambaa kibichi tangu dakika ya kwanza. Kiangazi cha Dodoma hakisamehe donge lililoachwa wazi hata kwa muda wa kupokea simu.

Nilimuuliza kijana wa tanuri kuhusu kitambaa. Akanionyesha masanduku yenye vifuniko ndani ya friji, donge la juzi, linaumuka polepole kwenye baridi. Nikamheshimu.

Chicago nilimwambia mwanangu aipite. Ni pizza ya sufuria yenye kina, ilianzia Pizzeria Uno mwaka 1943. Jibini inakaa chini na nyanya juu, kwa sababu inaoka nusu saa na zaidi, na jibini ikiachwa juu muda wote huo itaungua. Mahali pa kupewa namba na kula baada ya muda mfupi hapawezi kukupa hiyo ikiwa imeokwa kwa ajili yako. Ikija upesi, ujue iliokwa asubuhi.

Roma hali ni tofauti, na hapa wengi wanakosea kwa upande wa pili. Kule Roma kuna pizza ya treyi inayokatwa kwa mkasi na kuuzwa kwa uzito. Donge lake lina maji mengi, waokaji wengine hufika gramu 800 kwa kilo ya unga, ndiyo maana ndani lina matundu makubwa na ni jepesi. Hiyo kuokwa mapema na kupashwa ukiagiza ndiyo desturi yake, siyo ujanja wa mpishi mvivu. Kwa watu wa ofisi za serikali kule Mtumba wenye saa moja ya chakula cha mchana ingefaa kuliko zote, na nashangaa hakuna aliyeichangamkia.

Tukaagiza Detroit. Historia yake naipenda kwa sababu ni ya watu wa kazi za mikono. Mwaka 1946, mji wa viwanda vya magari, baa ya Buddy's ikaanza kuokea pizza kwenye treyi za chuma cheusi zilizokuwa zikitumika viwandani kuwekea vipuri vidogo. Chuma kile ni kizito, kinashika joto. Donge linatandazwa pembe hadi pembe, jibini inamwagwa mpaka ikaguse kuta za treyi, na mchuzi wa nyanya unapakwa juu kwa mistari. Tanurini jibini ya pembeni inayeyuka, inateremka kati ya donge na chuma, inajikaanga kwa mafuta yake yenyewe. Kinachotokea pale hakihitaji maelezo kwa mtu aliyekulia nyumba ya Kiswahili: ni ukoko. Ukoko uleule wa ubwabwa ambao watoto hugombania sufuria ikishapakuliwa.

Joto inalotaka ni nyuzi 260 hadi 280, kwa dakika 12 hadi 15. Yaani tanuri la Area D ni kama limezaliwa kwa ajili yake. Kasoro ni jibini. Wenyewe hutumia inayoitwa brick, ya Wisconsin, yenye mafuta mengi, na hapa sijawahi kuiona dukani. Kijana alichanganya mozarela na cheda, jambo ambalo hata mimi ningefanya.

Mwanangu akataka nanasi. Sikumkatalia. Pizza yenye nanasi hata Hawaii haikutoka, ilianzishwa Kanada mwaka 1962 na mhamiaji wa Kigiriki, Sam Panopoulos, na wanaoichukia ni wengi kuliko wanaojua hivyo. Shida ya nanasi ni maji. Nilimwomba kijana alikamue kwanza kwa ngumi, akalikamua, glasi nusu ikatoka. Nyanya nazo ni hivyohivyo: hizi tunazoletewa kutoka Ilula zina ngozi ngumu ya kuvumilia safari, ndani maji tele. Ziponde, zitie chumvi, ziache kwenye chujio robo saa ndipo uzipake.

Tulipokuwa tunasubiri, bodaboda wanne walikuja kubeba oda. Ukiagiza iletwe nyumbani, hapo ndipo ubao mzima unapobaki na majina mawili tu. Ndani ya boksi mvuke hauna pa kwenda, unarudi kwenye donge. Ya Napoli inakufa kabla ya bodaboda kuvuka reli. New York inafika ikiwa imelegea, ila ukiiweka dakika tatu kwenye kikaango kikavu inazinduka. Detroit inafika ikiwa hai kwa sababu ya ule ukoko. Mwambie dereva aache kifuniko wazi kidogo, atakushangaa, mwambie tena.

Namba yetu ikaitwa. Kijana alizungusha kisu pembeni ya treyi, ukoko ukaachia kwa mlio mkavu, akaigeuza juu ya ubao, akaikata vipande sita. Nanasi lilikuwa limeungua kidogo kwenye ncha, tamu kweli, naungama. Katika vipande sita, vinne ndivyo vya pembe, vyenye ukoko pande mbili. Mimi nilipata kimoja.