Punje Nayo Hujikinga: Maswali na Majibu Kuhusu Sumukuvu

Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, na 20 kati yao wakafa. Miaka 12 kabla ya hapo, mwaka 2004, ugonjwa uleule ulipita mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikaumia zaidi: waliougua walikuwa 317, waliokufa 125. Chanzo kilikuwa chakula cha kila siku, mahindi ya nyumbani yaliyoingiwa na sumukuvu. Maswali yafuatayo huulizwa sana, nami nayajibu nikianzia shambani, kwa sababu sumu hii ikishafika jikoni tumeshachelewa.

Sumukuvu ni nini hasa?

Ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka, karanga na mbegu nyingine. Zipo za aina nyingi, ila inayotisha zaidi kwetu ni aflatoksini. Jina hilo limetokana na kuvu mwenyewe, Aspergillus flavus, mwenye rangi ya kijani inayoelekea umanjano. Iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, na uchunguzi ukaonyesha kwamba walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili.

Kiwango kinachoruhusiwa katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo ya mahindi. Chukua magunia 1,000 ya kilo mia mia, kisha usambaze ndani yake gramu moja tu ya sumu. Hapo umefika kikomo.

Kuvu anapata faida gani kutengeneza sumu? Binadamu tumemkosea nini?

Hatukumkosea kitu. Sisi hatumo kabisa katika ugomvi huu. Kuvu anaishi kwenye udongo na mabua yaliyooza, na huko anagombania chakula na wadudu ambao wengine humla yeye mwenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba wakiwepo mabuu wa nzi, kuvu mwenye aflatoksini hustawi kuliko asiye nayo. Silaha iliyolengwa kwa mdudu ndiyo inayotuua sisi, kwa kuwa tunakula kwenye sahani moja naye.

Na mahindi na karanga hazina kinga yoyote?

Zinayo, na hili ndilo ningependa kila mkulima alijue. Punje ni mmea mchanga uliolala, tena haukulazwa hivihivi bila ulinzi. Punje ya hindi ina ganda lenye nta inayozuia maji na nyuzi za kuvu. Ndani yake kuna protini zinazovuruga vimeng'enya ambavyo kuvu huvitegemea kuvunja wanga. Karanga nayo ina ile ngozi nyekundu tunayoipukusa baada ya kukaanga. Ukakasi unaousikia ulimini ukiitafuna ni wa tanini, na tanini humdhoofisha kuvu.

Kuvu akipenya licha ya hayo, karanga iliyo hai ardhini huanza kujitengenezea dawa. Hukusanya mahali palipojeruhiwa kemikali za jamii ya stilbini, ikiwemo resiveratroli, ambayo hupatikana pia kwenye ngozi ya zabibu. Lakini kazi hiyo inahitaji maji. Mvua ikikatika wiki nne hadi sita kabla ya kuvuna, na udongo ukapata joto la nyuzi 28 hadi 30, karanga hukauka polepole mpaka inashindwa kutengeneza dawa yake. Kuvu hahitaji maji mengi kiasi hicho. Yeye bado anaendelea. Katika muda huo, mbegu imeishiwa nguvu na adui hajaishiwa, ndipo sumu inapojaa. Ndiyo maana karanga za mwaka wa ukame zinahitaji macho zaidi, hata kama zimeonekana kavu tangu shambani.

Hata mafuta ya mbegu yanahusika. Yanapovunjwa huzaa viambata ambavyo kuvu huvipokea kama ujumbe: vingine humfanya apunguze sumu, vingine humchochea aongeze.

Kisha wapo dumuzi na fukusi. Nta yote ile haifai kitu mdudu akishatoboa tundu. Nasi tunafanya kazi ya mdudu tunapopiga mahindi kwa fimbo ndani ya gunia mpaka punje zinapasuka, au tunapolowesha karanga ili maganda yalainike na kubanguka upesi. Huko kulowesha naomba kuachwe kabisa. Ni kumwamsha kuvu kwa mikono yetu.

Nitajuaje kwamba mahindi yangu yamekauka vya kutosha?

Mahindi yasiwe na unyevu unaozidi asilimia 13.5, na karanga zilizobanguliwa zisizidi asilimia 7. Kipimo cha mashine kipo kwa baadhi ya mabwana shamba na maghala ya ushirika. Kama hukipati, tumia chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, jaza mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokauka vizuri, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Rudisha mahindi juani. Isipoganda, yamekaribia, ila siku moja zaidi ya jua haidhuru.

Anika kwenye turubai au kichanja, usianike kwenye udongo mtupu. Kuvu anaishi udongoni, kwa hiyo kumwaga mahindi mabichi hapo ni kumpelekea chakula mlangoni. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Kule Kenya mwaka 2004, wengi walioumia walikuwa wameingiza mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba na kuyahifadhi humo. Mifuko isiyopitisha hewa husaidia sana kwa sababu dumuzi hufa kwa kukosa hewa, lakini mahindi mabichi yakifungiwa humo yataoza.

Nikipika ugali ukaiva sana, sumu haifi?

Haifi. Moto wa jikoni humuua kuvu, lakini sumu aliyokwisha kuiacha huhimili joto kubwa kuliko la maji yanayochemka. Kukaanga karanga huipunguza kidogo, si kwa kiasi cha kukufanya ulale usingizi. Kuchachusha pombe nako hakuiondoi.

Kinachosaidia ni kuchambua. Sumu haisambai sawasawa: punje chache zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu ya debe zima. Kina mama na bibi zetu waliokaa na ungo wakitoa punje zilizobadilika rangi, zilizotobolewa, zilizosinyaa na zilizovunjika, walikuwa wanafanya kazi ya afya ya jamii kabla jina hilo halijatungwa. Karanga chungu mdomoni temea, usimeze kwa aibu. Ila kumbuka kwamba punje inaweza kuonekana safi na bado ikawa na sumu, kwa hiyo ungo hauchukui nafasi ya kukausha.

Dona au sembe?

Swali hili linanipa shida, kwa sababu dona ina virutubisho vingi na nimekuwa nikiisifia miaka yote. Lakini sumu hujikusanya zaidi kwenye kiini na ganda, sehemu ambazo kukoboa huziondoa. Msimamo wangu ni huu: kula dona ya mahindi unayojua yalikaushwa vipi na uliyoyachambua mwenyewe. Kama mahindi umeyanunua na huyaamini, yakoboe, uyaoshe, uyakaushe, ndipo usage.

Ndani ya mwili inafanya nini?

Inakwenda kwenye ini. Ini hujaribu kuivunja, na katika kuivunja huzaa kiambata kikali kinachojishikiza kwenye vinasaba vya seli. Dozi kubwa kwa mara moja huua ini kwa siku chache. Dozi ndogo za kila siku, miaka nenda rudi, huleta saratani ya ini, na Shirika la Afya Duniani limeiweka aflatoksini katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mwenye homa ya ini B akila sumu hii, hatari yake huzidi mara nyingi; inakadiriwa kufika mara 30 kuliko ya asiye na virusi hivyo. Kwa hiyo chanjo ya homa ya ini B ya mtoto ni kinga dhidi ya sumukuvu pia.

Mtoto wangu anakunywa uji wa lishe wa mahindi na karanga. Nifanye nini?

Utafiti uliofanywa Benin na Togo kwa watoto 480 wa chini ya miaka mitano ulikuta sumu hii katika damu ya asilimia 99 kati yao, na waliokuwa nayo nyingi ndio waliodumaa zaidi. Endelea kunyonyesha, mtoto hupata sumu nyingi zaidi anapoachishwa ziwa na kuanza uji. Changanya ulezi, mtama na mchele mara kwa mara badala ya mahindi peke yake, chambua karanga moja moja, na usage unga kidogo wa wiki mbili tatu. Na mahindi ambayo watu wazima wameyakataa yasigeuzwe unga wa uji.

Yaliyooza nimpe kuku au ng'ombe?

Hapana. Kuku hudumaa na kutaga kidogo. Ng'ombe huigeuza sumu na kuitoa kwenye maziwa, kisha inarudi kwenye kikombe cha mtoto.

Nimesikia kuna dawa ambayo ni kuvu. Inakuwaje?

Inaitwa Aflasafe. Ni punje za mtama zilizouawa na kupakwa Aspergillus flavus wa hapa nchini asiye na uwezo wa kutengeneza sumu. Hunyunyizwa shambani wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua, kilo nne kwa ekari, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu huyo huwahi nafasi na kumnyima ndugu yake mwenye sumu mahali pa kuota, na sumu mara nyingi hupungua kwa asilimia 80 au zaidi. Zipo aina zilizoandaliwa kwa Tanzania na kwa Kenya. Uliza kwa afisa kilimo.

Nikiona dalili, nifanye nini?

Macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kutapika, tumbo kuuma na kujaa, miguu kuvimba, hasa wakiugua wawili watatu waliokula chungu kimoja: nenda hospitali siku hiyohiyo. Hakuna dawa ya kuifuta sumu hii mwilini, ila mgonjwa anayewahi husaidiwa ini lake lisizidi kuharibika. Zuia wengine wasile chakula hicho. Unga uliobaki usiutupe. Ufunge kwenye mfuko, uandike ulitoka wapi, uende nao, ili wapimaji wajue ni gunia gani na nyumba zipi nyingine zinalila.