Matumbawe si mawe

Juzi nimeisikia tena, mara hii kwa mwalimu aliyeleta darasa zima: "Kanyageni tu, hayo ni mawe." Maji yamekupwa, watoto wamesimama juu ya matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyolindwa tangu 1968, nami niko mashuani nawapigia kelele wainue miguu.

Matumbawe ni wanyama. Kila pande lina maelfu ya polipu, nyingi zisizozidi milimita chache, na kila polipu ina mdomo, tumbo na minyiri inayochoma windo. Jamaa zake ni yavuyavu, na waliowahi kuwashwa na yavuyavu hawahitaji maelezo.

"Mbona haitembei?" Hili ndilo naulizwa kila siku. Sifa ya kiumbe hai ni kujongea, si kusafiri. Njoo usiku na tochi uone minyiri ilivyotoka kunasa vidudu vya majini. Iguse kidogo tu inywee. Polipu hupumua oksijeni ya majini, hutoa taka, huzaa. Mtoto wake huogelea, akishapata mahali hujishikiza, na hapo ndipo kwake mpaka kufa.

Kosa lenyewe nalielewa. Kuta za magofu ya Gede na nyumba za Lamu ni za matumbawe, na wazee wetu waliyachoma kupata chokaa. Lakini ile ni mifupa iliyoachwa na wenyewe. Anayeokota kombe tupu la chaza hasemi chaza ni jiwe.

Wengine hudhani ni mimea, na hapo angalau wana kisingizio. Daktari Mfaransa, Jean-André Peyssonnel, alipowaambia wataalamu wa Paris katika miaka ya 1720 kwamba marjani ni wanyama, hawakumkubalia. Isitoshe, ndani ya nyama ya polipu wamo miani wadogo wanaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wao. Rangi nyingi mnazozipenda ni zao. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, polipu ziliwapoteza miani hao, matumbawe yetu yakawa meupe na mengi yakafa. Jiwe halifi kwa joto la maji. Yale ya mviringo hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka, kwa hiyo unyayo mmoja unaweza kuvunja kazi iliyoanza kabla mwenye unyayo hajazaliwa.

Mengine nayapitia haraka. Pomboo na nguva si samaki: wana mapafu, hunyonyesha. Kasa naye si samaki. Ni mtambaazi, ndugu wa mjusi, na lazima apande ufukweni kutaga. Sponji ya baharini ni mnyama. Nyasi za bahari si mwani: zina mizizi na hutoa maua chini ya maji, mwani hauna hata kimoja.

Walimu wangu, kabla ya kuwashusha watoto, wavisheni majaketi ya kuelea na muwafundishe kulala kifudifudi, miguu juu. Manahodha, nanga ni kwenye mchanga au mjifunge kwenye boya. Na maji yakiwa hayafiki kiunoni, watoto wabaki mashuani. Kioo cha chini kinatosha kuwaonyesha kila kitu.