Mzigo haupumui: kugeuza tela la boksi liwe chumba cha familia

Wateja wanaoniletea tela la boksi, lile lililofungwa pande zote, hapa karakana, Tabata, karibu wote huanza na vitanda. Vitanda vitakaa wapi, makabati yawe ya rangi gani, na friji je? Mimi huwaomba kwanza tuingie ndani wote, halafu kijana wangu atufungie kwa nje kwa lile komeo refu la chuma. Ikiwa ni saa saba mchana, mwezi wa pili, habari ya makabati inakuwa imekwisha yenyewe kabla jasho halijafika kwenye kola.

Tela la boksi limeundwa kubeba mzigo. Mzigo haupumui, hautoki jasho, wala hauamki saa nane za usiku ukitaka kwenda kujisaidia. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye vitu ambavyo mzigo haukuvihitaji: mlango ambao aliye ndani anaweza kuufungua, hewa inayopita, na breki za kutosha watu na vitu vyao. Kikibaki kitu mfukoni, ndipo tuongee makabati.

Mlango

Kama tela lako limetoka Marekani, angalia ule mlango mdogo wa ubavuni. Kule magari hupita kulia, kwa hiyo mlango umewekwa ubavu wa kulia, upande wa ukingo wa barabara. Sasa lilete huku kwetu, uegeshe pembeni pale Chalinze mtoto ashuke: anashukia kwenye malori ya Tunduma. Mlango huo nauhamishia kushoto, sijadili. Tundu la zamani linakuwa dirisha, na fremu ya chuma iliyokuwepo inakuokolea kazi ya kutengeneza nyingine.

Kisha komeo. Ile fimbo ya chuma inafungwa na kufunguliwa kwa nje tu. Mkiwa mmelala, mtu akipita na kuibana, awe mwizi au mtoto wa jirani anayecheza, mmeshafungiwa. Kwenye mlango wa ubavuni naing'oa kabisa, naweka kitasa ambacho kwa ndani kinafunguka bila ufunguo, kwa mkono mmoja, gizani. Hapa Dar tumezoea kulala na kufuli kwa ndani na nondo madirishani. Ndani ya tela tabia hiyo ibaki nyumbani. Kuna bwana alinibishia sana kuhusu nondo, akasema bila nondo mama watoto hatalala. Nikamwambia afadhali asilale kwa wasiwasi kuliko kushindwa kutoka moto ukiwaka upande wa mlangoni.

Njia ya pili ya kutokea ni lazima. Kwa kawaida ni dirisha la upande ulio mbali na jiko, linalofunguka lote kwenda nje. Anayelijaribu kwa kupita ni yule mwenye mwili mkubwa kuliko wote katika familia. Ukimjaribisha mtoto hujajaribu kitu.

Mlango mkubwa wa nyuma, kama ni ule wa kulala chini kama daraja, uache. Ukiutegemezea miguu miwili na ukatandika mkeka, umepata kibaraza, na jioni hakuna atakayetaka kukaa ndani.

Paa, halafu hewa

Video nyingi za kazi hii zilizoko mtandaoni zimetengenezwa na watu wanaokimbia baridi. Wanajaza sponji ngumu, zile bodi za povu za kuzuia joto, kila ukuta, wanaziba kila upenyo, wanaweka hita. Ukifuata hivyohivyo Dar es Salaam, umejitengenezea oveni yenye godoro.

Tupo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa, na miezi mingine halipotei mbali. Kwa hiyo adui ni paa, kuta zinafuata. Paa napaka rangi nyeupe, kisha juu yake nainua bati la pili kwa vipande vya skwea paipu ili upepo upite katikati, kama sentimita 5 hivi. Paneli za sola zikifungwa kwenye reli, nazo zinafanya kazi hiyohiyo ya kivuli kwa eneo zinalolifunika. Hapa kwetu hazihitaji kuinamishwa sana; mteremko mdogo wa kumwaga maji na vumbi unatosha.

Ndani nagundisha sponji ngumu ya sentimita 4 au 5 kati ya mbavu za chuma. Kwenye matela ya Marekani mbavu hizo zimepishana inchi 16 au 24. Mbavu zenyewe hupitisha joto hata kama katikati umejaza vizuri, kwa hiyo zipitishie ukanda mwembamba wa sponji kabla ya kufunga plaiwudi. Na ile karatasi ya kung'aa wanayouza madukani inafanya kazi ikiwa mbele yake kuna nafasi ya hewa. Ukiibana kati ya sponji na plaiwudi, vyote vimegusana, pesa yako imelala pale bila kazi.

Hewa sasa. Watu wanne wakilala hadi alfajiri, pumzi na jasho lao vinatoa maji zaidi ya lita moja. Maji hayo yakikosa pa kutokea yanaishia kwenye chuma na chini ya godoro, na kwa unyevu wa pwani ukungu hauchukui muda. Ndiyo maana kitanda kinawekewa chaga, kamwe si ubao mzima. Hewa iingie chini, itokee juu: dirisha moja la chini upande mmoja, na tundu la paa upande wa pili wa boksi. Kile kifuniko cha paa chenye feni wanachotumia Wamarekani, cha inchi 14 kwa 14, ni cha kuagiza. Mimi natumia kifuniko cha paa la basi, kile kinachoinuka mbele au nyuma unavyotaka. Chini yake nafunga wavu wa mbu na feni ya volti 12. Ukiegesha Kimbiji, iwe msimu wa kusi au wa kaskazi, upepo unatoka upande wa baharini, basi elekeza huko ubavu wenye dirisha la chini.

Wavu uwe kila mahali, hata kwenye tundu dogo la sakafuni. Na kama safari zenu ni za Mikumi au Saadani, msipake tela rangi ya bluu au nyeusi. Mbung'o wanavutwa na rangi hizo, na mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo.

Mama mmoja aliniuliza, "Fundi, kwa nini usitie tu AC?" Hesabu yake ni hii. Betri ya lithiamu ya volti 12 yenye ampea-saa (Ah) 100 ina kama wati-saa 1,280. AC ndogo inakula wati 800 hivi. Hata ikiwaka nusu ya muda tu kwa saa nane, ni wati-saa 3,200, yaani betri mbili na nusu kwa usiku mmoja. Feni ya wati 30 kwa saa kumi inakula 300. Friji ndogo ya volti 12 kwenye joto letu inaweza kula 400 hadi 500 kwa siku, na paneli ya wati 200 siku ya jua zuri inarudisha kama 800. Feni na friji na taa vinaenea. AC inataka jenereta, na majirani wa kambini watakuchukia.

Fyuzi ikae jirani kabisa na betri, kabla waya haujaenda popote. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ikiwa ya wati 1,000 na ikifanya kazi kwa nguvu zote inavuta zaidi ya ampea 80 kwenye betri, kwa hiyo waya wa redio haufai hapo.

Kukata bati

Hapa ndipo tela linapoharibika, basi nieleze polepole. Mbavu zitafute kwa safu za skrubu au kwa sumaku. Ganda la alumini halishiki sumaku, mbavu za chuma zinashika. Pima dirisha liingie kati ya mbavu mbili. Ikibidi ukate mmoja wa mbavu hizo za chuma, chomelea kwanza fremu inayobeba mzigo wake. Bandika utepe wa karatasi pale msumeno utakapopita ili rangi isichubuke. Kata kwa jigiso, ule msumeno mdogo wa umeme. Vijana wanapenda grenda kwa sababu ina kasi, lakini ikigusa chuma, cheche zake ni vipande vya chuma vya moto: vinajichomeka kwenye rangi ya ubavu mzima, na baada ya siku chache tu kwa chumvi ya hewa ya Dar unaona madoadoa ya kutu mahali ambapo hujagusa.

Kingo ulizokata zipige tupa, zifute, zungushia fremu ya mbao kwa ndani ili dirisha lipate cha kung'ang'ania. Alumini isikutane na chuma kitupu. Vikigusana kwenye hewa ya chumvi, alumini inaliwa, unakuta unga mweupe pembeni ya skrubu. Weka utepe wa mpira katikati. Gundi ya kuzibia iwe ya poliyurithani, Sikaflex au ya aina yake. Silikoni ya bei rahisi haishiki rangi, na ikibanduka hata gundi nyingine haikubali kushika pale ilipokuwa.

Kisha, kabla ya kufunga dari, chukua mpira wa maji mwagilia paa na madirisha kwa nusu saa, mtu akiwa ndani na tochi. Usisubiri masika yakufanyie jaribio hilo.

Uzito

Kibao cha tela dogo la Marekani la ekseli moja mara nyingi kinaandika uzito wa juu kabisa pauni 2,990, yaani kama kilo 1,356. Namba hiyo si ya bahati. Katika majimbo mengi ya kule, tela likifika pauni 3,000 lazima liwe na breki zake, basi watengenezaji wanasimama hatua moja nyuma. Maana yake umenunua tela lisilo na breki, na unataka kulishusha mteremko mkali wa Kitonga likiwa na vyombo vya familia. Mimi nafunga breki za umeme kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kidhibiti chake ndani ya gari, karibu na mkono wa dereva. Gari dogo kama IST hata usilete. Gari la kuvuta liwe Prado au Hilux, na hata hiyo soma kitabu chake.

Boksi la futi 6 kwa 12 tupu linafika kilo 500 hivi. Kwa hiyo una nafasi ya kama kilo 850, na zinaisha haraka kuliko unavyodhani. Shiti moja ya plaiwudi ya milimita 12 ina kilo 20, ya 18 ina 30, na MDF, ule ubao wa unga wa mbao, ya 18 inakaribia 40, tena ikipata unyevu inavimba kama mkate. Fundi wa Keko atakuchongea kitanda cha mninga kitakachorithiwa na wajukuu, na kazi yake naiheshimu sana, lakini kitanda hicho kikae nyumbani. Humu ni alumini na plaiwudi nyembamba. Maji ni kilo moja kwa lita; madumu matatu ya lita 20 yawe karibu na ekseli, yasirundikwe nyuma. Mkono wa mbele, ule unaoshikana na gari, ubebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Ukiwa chini ya hapo, basi la mkoani likikupita tela linaanza kutikisa mkia.

Kuhusu vitanda, kwa kuwa mmevumilia: boksi la futi 6 kwa nje, likishawekwa sponji na plaiwudi, kwa ndani halifiki futi 6. Godoro la kawaida lina urefu wa futi 6, kwa hiyo halikai kimkingamo. Wazazi walale mbele, kwa urefu wa tela. Nyuma ni dabodeka ya futi mbili na nusu kama za bweni, na ubavu wa pili jiko jembamba. Watoto watapenda kupanda huko tela likitembea. Hapana, hata kwa mita mia, hata ndani ya uwanja wa kambi.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukae nje, kwenye sanduku la mbele lenye matundu chini, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatuama sakafuni. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata kama makaa yameonekana kufa. Kaboni monoksidi haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Mpira wa kuvutia, ile tufe ya chuma nyuma ya gari, wa Marekani wa inchi 2 ni milimita 50.8, na wa huku mwingi ni 50. Vinafanana kwa macho tu, kwa hiyo mpira na kikombe cha tela kinachoushika viwe vya saizi moja. Taa nazo: kwenye matela mengi ya kule breki na indiketa ni taa moja nyekundu. Tenganisha, weka indiketa za njano, la sivyo trafiki wa Kibaha mtafahamiana kwa majina.

Safari ya kwanza iwe ya karibu, tela likiwa limejaa kama mtakavyosafiri. Ukitoka kwa barabara ya Morogoro, simama Mlandizi, shika habu moja moja kwa mkono. Iliyo ya moto kuliko wenzake ina beringi au breki iliyobana. Kaza nati za tairi zote hapo hapo, kwa sababu nati za rimu iliyofungwa upya hulegea ndani ya kilomita za mwanzo, halafu zikague tena Chalinze.