Kanali na ndege za kuiba

Juzi hapa Goma tulikua tunafundisha vijana wa staji kutengeneza ngozi ya ndege kwa ajili ya koleksyo, kijana mmoja akashona yake safi kabisa, pamba imekaa vizuri, miguu imefungwa, nikamuuliza etiketi (kale kakaratasi ka pahali na tarehe ndege alipopatikana) iko wapi, akanijibu eti nitaandika jioni nyumbani, nakumbuka. Nilikasirika kupita kiasi, nakubali. Ndio nikawahadisia habari ya Meinertzhagen, kanali aliyeiba ndege na kudanganya ku etiketi.

Richard Meinertzhagen, mtoto wa matajiri wa benki kule London, kazaliwa 1878, mwanajeshi na mtaalamu wa ndege. Ule nguruwe mkubwa mweusi wa Virunga jina yake ya kisayansi ni Hylochoerus meinertzhageni, alipewa 1904 juu ya vipande Meinertzhagen alituma toka Kenya. Hapo hakudanganya (ila wawindaji wetu walikua wanamla zamani, hawakungoja jina). 1905 akamuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, ku mkutano wa kuongea amani, na wenzake wakamuona shujaa. 1914 alikua ku vita ya Tanga. 1917 Palestina kuna ile hadithi ya mfuko wenye makaratasi ya uongo, Waingereza waliuangusha makusudi ili Waturuki waukute, ujanja ulifanyika kweli, lakini kwamba wazo lilitoka kwake, hiyo aliisimulia yeye mwenyewe na watafiti wa nyuma wameikataa.

Sasa ndege. Huyu mzee alikua anaiba ngozi ku muze ya London, anatoa etiketi ya mtu aliyemkusanya yule ndege, anafunga yake yenye pahali pengine na tarehe ingine. Walimkamata je? Kila fundi ana mkono wake, sawa na washonaji wa soko, mwingine anajaza pamba nyingi shingoni, mwingine anazungusha kijiti namna yake, basi wakapiga ndege zake radio kama mtu aliyevunjika mguu, wakakuta ndani mikono ya watu wengine waliokufa zamani.

Mfano ni bundi mdogo wa misitu ya India. Meinertzhagen aliandika amemuokota Gujarat Oktoba 1914, kumbe ni ngozi ya James Davidson ya miaka ya 1880. Watu wakawa wanamtafuta bundi pale etiketi inasema, patupu, hadi wengi wakaona amekwisha duniani. Pamela Rasmussen na wenzake walipoitupa ile etiketi na kufuata zile za zamani za kweli, wakamkuta hai Maharashtra, Novemba 1997, miaka 113 bila mtu wa sayansi kumuona kwa uhakika.

Kuiba ni kuiba, muze inaweza kusamehe, lakini ngozi bila pahali na tarehe ya kweli ni manyoya na pamba tu, na yenye uongo inapeleka watu msitu usio wake.

1954 aliachia muze ngozi kama 20,000, na za kweli ziko humo zimechanganyika na za uongo. Mimi nikikuta jina yake ku data naweka alama ya kuuliza, napita ku ingine. Yule kijana naye sasa anatembea na kalamu ya risasi nyuma ya sikio.