Mipaka ya Kurithi, Si Mipaka ya Berlin

Nairobi hapa, habari yoyote ya mpaka ikizuka, iwe Migingo (kile kisiwa cha Ziwa Victoria tunachogombania na Uganda), Somaliland au Ambazonia, lazima apatikane mtu wa kuileta Berlin mezani, yaani ule mkutano wa mataifa ya kikoloni wa 1884 na 1885. Mchambuzi wa redio ataileta, mzee wa Bunge la Mwananchi, ule mjadala wa wazi wa bustani ya Jeevanjee, ataileta, na siku hizi hata wabunge wenyewe. "Shida ni ile mipaka waliyochora Berlin." Wasikilizaji wanatikisa vichwa, mada inafungwa, na anayetaka kuuliza Berlin ilichora mstari gani hasa anaonekana mkorofi. Basi nakubali kuwa mkorofi.

Dhana inayokosewa hapa ina jina. Mawakili huiita uti possidetis, Kilatini, nasi tunaweza kusema kanuni ya kurithi mipaka. Koloni linapopata uhuru, mistari iliyolizunguka siku hiyo ya uhuru ndiyo inayokuwa mipaka ya dola jipya. Haijalishi kama mstari ulitenganisha wakoloni wawili tofauti au majimbo mawili ya mkoloni mmoja, kama ilivyokuwa kati ya Mali na Burkina Faso, zote za Mfaransa. Maana yenyewe imeishia hapo.

Asili yake ni mahakama za Roma. Watu wawili wakigombea kiwanja, hakimu alianza kwa kutoa amri: kama mnavyokalia sasa, endeleeni kukalia, mradi aliyeko ndani hakuingia kwa nguvu, kwa siri au kwa kuomba hifadhi kwa mwenzake. Baada ya hapo ndipo kesi ya nani mwenye mali ingeanza. Amri ile ilikuwa ya muda, na haikumtangaza mtu yeyote kuwa mmiliki. Baadaye mabalozi wa Ulaya waliiazima ili kumaliza vita, kila jeshi libaki pale liliposimama. Kisha katika karne ya 19 makoloni ya Hispania kule Amerika Kusini yalipojikomboa yakaigeuza tena: kinachotazamwa kikawa karatasi ya mkoloni badala ya buti la askari. Walikuwa na sababu ya maana. Hawakutaka kibaki hata kipande kimoja cha ardhi ambacho Mzungu angeweza kukiita pori lisilo na mwenyewe, akarudi kupiga hema.

Katika safari yote hiyo, kutoka kiwanja cha Mrumi hadi milima ya Andes, hakuna aliyedai kwamba mstari unaorithiwa ni wa haki. Naomba hilo tulishike, kwa sababu nusu ya hasira za mjadala huu hutokana na watu wanaosikia "mpaka uheshimiwe" wakaelewa "mkoloni alifanya vizuri."

Sasa Berlin. Mkutano ulianza tarehe 15 Novemba 1884 ukamalizika tarehe 26 Februari 1885, chini ya Bismarck, chansela wa Ujerumani, na mataifa 14 yalihudhuria. Walijadili biashara na usafiri katika bonde la Kongo, usafiri kwenye mto Niger, na utaratibu wa kumjulisha mwenzako unapotwaa kipande cha pwani. Ulikuwa mkutano wa wezi wakipangiana zamu, sitautetea. Lakini soma mkataba wake wote, hutapata ibara inayosema Kenya inaanzia wapi. Mistari ilikuja baadaye, mmoja mmoja, kwa mikataba ya nchi mbili mbili, na mingine ikafutwa na kuchorwa upya mara kadhaa kabla ya bendera kupandishwa.

Tuzunguke mipaka yetu wenyewe tuone. Mpaka na Tanzania ulikubaliwa mwaka 1886 kati ya serikali ya Uingereza na ya Ujerumani: kutoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Victoria, ukikunja kupita kaskazini ya Kilimanjaro. Najua mtakachosema, kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kaisari mlima ule kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi tamu, tumeisikia shuleni na kwenye magari ya watalii. Mjukuu huyo alitawazwa mwaka 1888, miaka miwili baada ya kona kuwapo. Kona ipo kwa sababu Wajerumani walishafika Uchagga wakaondoka na karatasi yenye sahihi ya Mangi Mandara wa Moshi, na Waingereza hawakuona faida ya kuigombania.

Mpaka na Ethiopia ulikubaliwa mwaka 1907, na upande mmoja wa meza alikuwa Mfalme Menelik, Mwafrika aliyekuwa naye akipanua himaya yake. Mwaka 1970 Kenya na Ethiopia zikauhakikisha upya kwa mkataba wao zenyewe. Mpaka na Somalia ulihamishwa. Hadi katikati ya miaka ya 1920 Kismayu ilikuwa ndani ya koloni letu; Uingereza ikaikabidhi Jubaland kwa Italia mwaka 1925, malipo ya ahadi zilizotolewa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Ule wa Uganda ndio unaofundisha zaidi. Kabla ya 1902, jimbo la mashariki la Uganda lilishuka hadi Naivasha. Kisumu ilikuwa Uganda. Reli haikuitwa Reli ya Uganda kwa majigambo tu. Mwaka huo Waingereza wakalihamishia jimbo lote upande wa pili, kwa mambo ya kiutawala, na hakuna mkazi aliyeulizwa. Februari 1976 Idi Amin akaamka na ramani hizo za zamani, akatangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi na kati ya Kenya, hadi kilomita kama 30 kutoka hapa Nairobi, kihistoria ni ya Uganda. Kenya ikajibu kwamba haitatoa hata inchi moja, na Amin akarudi nyuma.

Sasa fikiria Kenya ilisimama juu ya hoja gani. Kihistoria Amin hakuwa amebuni: mstari ule ulikuwapo. Kama swali lingekuwa "zamani ilikuwa ya nani," tungekuwa na kazi ngumu. Swali la kanuni ya kurithi ni jingine kabisa: mstari ulikuwa wapi tarehe 12 Desemba 1963? Kanuni hiyo hiyo inayotukera ndiyo iliyotubakishia Naivasha, na ndiyo inayotuzuia sisi nasi kuidai Kismayu.

Na uamuzi wa kuishika ulikuwa wetu Waafrika. Julai 1964 wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Cairo wakaazimia kuheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Aliyeipeleka hoja ni Julius Nyerere. Morocco na Somalia zilikataa, na zilijua kwa nini. Morocco ilikuwa imetoka kupigana na Algeria jangwani mwaka uliotangulia. Somalia nayo ilikuwa na bendera yenye nyota ya pembe tano, tatu kati yake zikielekea kwa majirani: Ogaden, Djibouti, na mkoa wetu wa Kaskazini Mashariki. Kule kwetu tume ya mwaka 1962 ilikuwa imekuta watu wengi wakitaka kuungana na Somalia. Uingereza ikaamua vingine, na tukaingia uhuru na vita vya shifta, wapiganaji waliotaka kujitenga, mkononi hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Anayesema kanuni hii imeleta amani ya bure akaulize Garissa na Wajir bei yake.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi kuliko Berlin. Watu husema: vuguvugu za kujitenga Afrika ni uasi dhidi ya mipaka ya kikoloni. Zitazame moja moja. Eritrea ilipopigana miaka 30 ikapata uhuru mwaka 1993, hoja yake ilikuwa kwamba ilikuwa koloni la Italia lenye mipaka yake, lililoingizwa katika shirikisho na Ethiopia mwaka 1952 kisha likamezwa mwaka 1962. Somaliland inakukumbusha kila mara kwamba ilikuwa dola huru kwa siku tano, kuanzia tarehe 26 Juni 1960, kabla ya kuungana na Somalia ya Mwitaliano. Tangazo lake la mwaka 1991 linadai mstari ule ule wa Mwingereza. Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi, wanadai eneo lililokuwa la Hispania, si zaidi si pungufu. Ambazonia ni Kameruni ya Kusini ya Mwingereza, iliyopigishwa kura mwaka 1961 ichague Nigeria au Kameruni, bila nafasi ya kuchagua kusimama peke yake. Hata hapa kwetu, waliopaza sauti ya "Pwani si Kenya" walikwenda kutafuta nini? Mkataba wa Sultani wa Zanzibar na Waingereza wa mwaka 1895 juu ya ukanda wa maili 10, na makubaliano ya Oktoba 1963 yaliyoukabidhi ukanda huo kwa Kenya.

Hakuna mmoja kati yao anayesema "futeni mipaka ya mkoloni." Wote wanasema "rudisheni ule uliofutwa." Wanaotaka kutoka na wanaowazuia wanasoma kitabu kimoja, ugomvi wao ni ukurasa upi, tarehe ipi ihesabiwe.

Mwenye kukosa ukurasa hukosa pia wa kumsikiliza. Biafra ilikuwa jimbo ndani ya koloni moja la Nigeria, na dunia karibu yote ikaipa kisogo kuanzia 1967 hadi ilipoanguka mwaka 1970. Kati ya nchi chache za Afrika zilizoitambua, ya kwanza ilikuwa Tanzania, Aprili 1968. Ndiyo, Nyerere yule yule wa Cairo. Alieleza kwamba umoja wa nchi hauwezi kulazimishwa juu ya watu wanaochinjwa, na mimi sioni unafiki pale. Naona mtu aliyejua kwamba kanuni aliyoipendekeza ilikuwa ya kuzuia vita, na vita vilishafika.

Sudan Kusini inaharibu hesabu yangu kidogo, nakiri. Ilikuwa ndani ya koloni moja, lakini Khartoum yenyewe ilikubali kura ya maoni katika mkataba wa 2005, na uhuru ukaja Julai 2011. Hata hivyo mpaka uliotumika ni ule wa tarehe 1 Januari 1956, siku ya uhuru wa Sudan. Abyei, eneo la mpakani kati ya Sudan hizo mbili, imebaki mgogoro kwa sababu machifu wake walihamishiwa Kordofan, upande wa kaskazini, mwaka 1905, tena kwa mambo ya kiutawala.

Utaona basi mipaka mibovu si lazima izae ugomvi wa ardhi. Mstari wa 1886 uliwakata Wamaasai vipande viwili bila aibu, na Kenya na Tanzania hazigombanii hata bikoni moja pale. Ugomvi wa nchi na nchi hupatikana zaidi palipo na mistari miwili, au mmoja unaosomeka namna mbili. Pembetatu ya Ilemi, pale Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia zinapokutana, ina wa 1914, ina wa 1938, na mingine juu yake. Malawi inausoma mkataba wa 1890 ikaona maji yote ya Ziwa Nyasa ni yake hadi ufukwe wa Tanzania, na Tanzania inasema mpaka upite katikati. Badme, ambayo Ethiopia na Eritrea ziliipigania kuanzia 1998 na maelfu kwa maelfu wakafa, ilitegemea tafsiri ya mikataba iliyotiwa sahihi kati ya 1900 na 1908.

Februari 2022, Balozi Martin Kimani wa Kenya aliposimama katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuikosoa Urusi juu ya Ukraine, alieleza haya kwa dakika chache kuliko mimi: mipaka hatukuichora, tuliamua kuishi nayo, tukatafuta kuungana kwa njia nyingine. Alipotaja ilikochorwa alitaja London, Paris na Lisbon. Alichagua miji yake vizuri.

Kwa hiyo ndugu mchambuzi, kesho ukirudi hewani na Migingo, kile kisiwa cha mabati na samaki wa mbuta, nakuomba marekebisho madogo tu. Mstari unaosemwa pale unatoka katika amri ya mfalme wa Uingereza ya mwaka 1926, na mwaka huo Ujerumani haikuwa na koloni hata moja la kuchorea. Ukitaka sana kuwataja Wajerumani, kuna Bakassi, rasi ambayo Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliipa Kameruni dhidi ya Nigeria mwaka 2002, ikitegemea makubaliano ya Wajerumani na Waingereza ya Machi 1913. Hayo nayo yalitiwa sahihi London.