Mirihi Haiwi Kubwa Kama Mwezi

Kuna ujumbe unaorudi kila Agosti: usiku wa tarehe 27 Mirihi itaonekana kubwa kama Mwezi mpevu. Chimbuko lake ni Agosti 2003, sayari hiyo ilipotukaribia hadi kilomita milioni 55.76. Maelezo ya awali yalikuwa sahihi: ukiitazama kwa darubini inayokuza mara 75, itaonekana kama Mwezi unavyoonekana kwa macho matupu. Kadiri ujumbe ulivyosambazwa, darubini ikadondoka njiani.

Hesabu ni rahisi. Upana wa kitu angani hupimwa kwa pembe, na digrii moja ina sekunde za tao 3,600. Mwezi una upana wa takriban sekunde 1,800. Mirihi usiku ule ilikuwa na 25 tu. Na huo ndio ukubwa wake wa juu kabisa. Dunia huipita Mirihi kila baada ya miezi 26 hivi, ila mzingo wa Mirihi, yaani njia yake kulizunguka Jua, umepinda kama yai, hivyo ukaribu hutofautiana sana. Februari 2027 itakuwa kilomita milioni 101, upana sekunde 14 hivi. Septemba 2035 itakaribia milioni 57.

Kwa upana wa sekunde 14, tumia darubini yenye kipenyo cha milimita 100 au zaidi, ukuzaji kati ya 150 na 200. Itoe nje nusu saa au zaidi kabla ya kutazama, maana kioo chenye joto huchemsha taswira. Subiri sayari ipande juu angani, na usiielekeze juu ya paa lililoshinda juani. Ukizidisha ukuzaji hupati kipya, unapanua ukungu uleule.

Tafuta kwanza ncha nyeupe yenye barafu, kisha doa jeusi la Syrtis Major. Usilione? Huenda liko upande wa pili. Mirihi hujizungusha mara moja kwa saa 24 na dakika 37, kwa hiyo ukitazama saa ileile kila usiku, madoa huchelewa kidogo, na uso mzima huchukua wiki tano hadi sita kupita mbele yako.

Chora ulichokiona kwa hakika tu. Madoa yaliyo kwenye mpaka wa uwezo wa jicho huungwa na ubongo yakawa mistari. Ndivyo “mifereji” aliyoichora mwanaastronomia Mwitaliano Giovanni Schiaparelli mwaka 1877 ilivyozaa hadithi za wakulima wa Mirihi, hadi picha za chombo cha anga cha Marekani Mariner 4 za mwaka 1965 zilipoonyesha mashimo ya vimondo.

Madoa yote yakififia kwa pamoja huku anga lako ni safi, shuku dhoruba ya vumbi. Mwaka 2018 ilifunika sayari nzima kwa wiki kadhaa.